Kitufe Kisicho na Jina

Jaribio likianguka mara tatu na kupita mara saba, je, limeanguka au limepita?

Usicheke. Watu wazima wenye mishahara huulizana swali hili kila asubuhi kwenye maghorofa ya Westlands na Kilimani, chai ikipoa mezani. Anayekaliwa kikao huwa ni mtu wa QA, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha kuwa programu haitawaaibisha wenyewe siku itakapowafikia wateja. Zamani angepitia skrini moja baada ya nyingine kwa kidole chake. Siku hizi anaiandikia mashine maagizo: fungua programu, andika nambari hii, bonyeza pale, angalia kama risiti imetokea. Mashine inafanya hivyo usiku kucha bila kunung'unika, na asubuhi inaleta ripoti. Kijani, mambo sawa. Nyekundu, kuna shida.

Sasa kuna asubuhi ambapo ripoti inabadilika na programu haijaguswa. Jana kijani, leo nyekundu, ukirudia sasa hivi, kijani tena. Sababu inayoandikwa ni ileile: kitufe hakikupatikana. Na kitufe kipo! Unakiona kwa macho yako mawili, kimekaa chini kulia kama kawaida yake. Mashine inakuambia hakipo. Ofisini majaribio ya aina hii tunayaita vigeugeu, na mtu akishasema "hicho ni kigeugeu" ujue mjadala umeisha. Turudie, tuendelee na maisha.

Mimi nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa na nataka kukitetea kigeugeu. Naamini mara nyingi kinatuambia jambo la kweli ambalo hatuna hamu ya kulisikia, na kwamba kukinyamazisha ni suala la maadili, hata kama tumezoea kuliweka kwenye kapu la ufundi.

Tuanze na macho. Mashine haioni skrini kama unavyoiona wewe. Programu inapochora skrini, huwa inaandaa pia mti nyuma yake, uliopangwa kama ukoo. Dirisha ni babu. Chini ya babu kuna fremu, chini ya fremu kuna orodha, chini ya orodha kuna vitufe, visanduku vya kuandikia na picha. Kila mmoja katika ukoo huo ana sifa zake: ni wa aina gani, anaitwa nani kama alipewa jina, ana kitambulisho gani cha ndani kama aliandikiwa, na amekaa wapi. Selenium, ambayo Jason Huggins aliianzisha mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks huko Chicago, hutembea kwenye mti wa kurasa za wavuti. Appium hufanya kazi kama hiyo kwenye simu. Wewe unatoa maelezo, kifaa kinashuka matawi kikimtafuta anayelingana nayo.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea ulivyoeleza, na hapo mtu wa Nairobi hahitaji darasa, kwa sababu tunaelekezana hivyo hivyo kila siku. Mgeni yuko mjini, anataka kwenda Kawangware. Unaweza kumwambia: panda gari la tatu kwenye laini. Unaweza kumwambia: panda ile nganya ya zambarau yenye picha ya mwanamuziki mlangoni. Au unaweza kumwambia: panda 46. Maelekezo yote matatu yatamfikisha leo. Kesho gari la kwanza litakuwa limejaa na kuondoka, la tatu limekuwa la pili, na mgeni wako anashushwa asikokujua. Mwezi ujao nganya itakuwa imepakwa rangi nyingine. 46 itabaki 46.

Majina yana ukaidi wake. Watu bado wanapeana miadi Odeon, na hawaendi kutazama filamu. Ni kweli kwamba majina nayo hubadilishwa: Barabara ya Tom Mboya iliwahi kuitwa Victoria Street, na ya Kimathi ikaitwa Hardinge. Lakini jina likibadilishwa, kuna mtu aliketi akaamua, na watu wakatangaziwa. Mahali hubadilika bila mtu yeyote kuamua chochote.

Mtu wa QA mwenye haraka huelekeza kwa mahali kwa sababu njia hiyo hupatikana bure. Unabonyeza kitufe mara moja, kifaa kinakuandikia anwani ndefu, tawi kwa tawi, hadi "kitufe cha tatu ndani ya kundi la pili". Inafanya kazi. Inaendelea kufanya kazi hadi siku inapogoma, na siku hiyo hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa inahesabu tu.

Sidai kuwa kila kigeugeu kina siri nzito. Vingine ni haraka tu: mashine ilifika stage kabla ya gari, ikatafuta kitufe wakati skrini bado inapakia, na dawa yake ni kukisubiri kitufe chenyewe badala ya kusubiri sekunde tano za kubahatisha. Vingine ni lugha: maagizo yanatafuta neno Confirm, simu imewekwa Kiswahili na kitufe kinasema Thibitisha. Vingine ni orodha ndefu, ambapo programu haimuumbi mtoto wa chini hadi utelezeshe kidole umfikie, kwa hiyo kwenye mti bado hajazaliwa. Kuna vitambulisho vinavyobuniwa upya kila programu inapojengwa, herufi na nambari zilizochanganywa, kama nywila ya Wi-Fi ya hoteli. Haya yote yana tiba zinazojulikana. Ninalotaka kulizungumzia lilianza likifanana na haya.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Ofisi zake zilikuwa upande wa Ngong Road. Programu ya kutuma pesa na kulipa bili. Kwenye skrini ya mwisho kabla pesa hazijatoka kulikuwa na vitufe vitatu visivyo na maneno, michoro mitupu, kwa sababu mbunifu alitaka pawe pasafi: mshale wa kurudi, penseli ya kuhariri, alama ya vema ya kuthibitisha. Jaribio lilikuwa limeelekezwa kubonyeza kitufe cha tatu. Kwa wiki kadhaa likawa linaanguka kama mara tatu kwa kumi, bila mpangilio ambao mtu angeweza kuuona.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Idara ya mauzo ilikuwa na bango la matangazo lililotumwa kutoka kwenye seva kwa baadhi ya akaunti, kwa nyakati fulani. Bango lilikuja na kitufe chake kidogo cha kulifunga, na kwa kuwa lilikaa juu ya kila kitu, kitufe hicho kilihesabiwa cha kwanza. Siku ya bango, cha kwanza kilikuwa cha kufunga, cha pili mshale, cha tatu penseli. Mashine ilibonyeza penseli kwa utiifu wote, kisha kwenye skrini iliyofuata ikatafuta kitufe cha kupakua risiti na kukikosa. Ripoti ilisema kweli tupu: kitufe hakikupatikana.

Kabla sababu haijajulikana, mapendekezo matatu yaliletwa mezani, na kila moja lilitoka kwa mtu mwerevu. La kwanza: jaribio lirudiwe mara tatu, likipita hata mara moja lihesabiwe limepita. La pili: liachane na mti, libonyeze kwa vipimo vya skrini, pikseli kadhaa kutoka kulia na kutoka chini. La tatu: kinunuliwe kifaa kipya cha "kujiponya", ambacho kikikosa kitufe hujichagulia kinachofanana nacho zaidi na kusonga mbele. Yote matatu yalilenga kuleta kijani. Hakuna hata moja lililouliza kitufe kile kinaitwaje. Hakikuwa kinaitwa chochote. Wala wenzake wawili.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anauliza kuna tofauti gani kati ya anayeijua njia ya kwenda Larissa na anayeikisia vizuri. Anayekisia vizuri anafika Larissa vilevile, na barabarani huwezi kuwatofautisha. Jibu la Socrates ni kwamba kisio la kweli halitulii. Hutoroka mpaka ulifunge kwa sababu. Mimi sijapata maelezo bora ya kigeugeu kuliko hayo, na ni ya zamani kidogo. Jaribio lililohesabu hadi tatu likaifikia alama ya vema lilifika, ila halikujua limefika wapi. Bango moja lilitosha kulifungua kamba.

Tuje kwenye kurudia. Mwaka 2016 Google walieleza hadharani kwamba takriban asilimia 1.5 ya majaribio waliyoyaendesha yalikuwa yakileta majibu ya kigeugeu, na kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani. Hiyo ni kampuni yenye wahandisi na pesa. Kwa hiyo simlaumu mtu anayeandika "rudia mara tatu" saa mbili usiku huku akiwaza kwamba mvua imeanza na nauli ya Kangemi imeshapanda. Kurudia kuna kazi yake halali. Kunakusaidia kujua kama mtandao ulikatika tu au kuna hitilafu ya kweli.

Lakini kuna kuuliza mara ya pili na kuuliza mara ya pili. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa pale Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alikuwa akienda kuwahoji wazee waliosifika kwa hekima, na kitabu chake Sage Philosophy kilitoka mwaka 1990. Jibu la kwanza halikumtosha, kwa sababu huenda lilikuwa lile ambalo jamii yote ingelitoa. Aliuliza tena, akapinga, akataka sababu, ili amtofautishe mzee anayehifadhi mawazo ya wengine na yule anayeyapima mwenyewe. Ukitazama kwa mbali, kurudia jaribio mara tatu kunafanana na kazi hiyo. Ukikaribia unaona Oruka alibadilisha swali kwa sababu jibu halikumridhisha. Sisi tunauliza swali lilelile mpaka jibu litupendeze. Shahidi akihojiwa hivyo mahakamani, wakili wa upande wa pili atakuwa ameshasimama.

Na neno ushahidi tunalijua vizuri katika mji huu. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Wakenya kadhaa na marafiki zao walitengeneza tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia na kuziweka kwenye ramani, wakaiita Ushahidi. Kutoka kwenye mzizi huohuo ikazaliwa iHub, iliyofunguliwa mwaka 2010 Bishop Magua Centre, hapo hapo Ngong Road, na madevelopa wengi wa Nairobi walipitia pale au walikuwa na rafiki aliyepitia. Tasnia yetu ilijibebesha jina zito mapema. Katika kazi ya namna ile, taarifa inayopingana na nyingine tisa huwezi kuiita kigeugeu ukaitupa. Unapiga simu.

Hadi hapa unaweza kuniambia: sawa, umesema kuhusu unyoofu, lakini ni nani aliyeumia? Ripoti ilikuwa nyekundu, pesa za watu zilifika, basi.

Nina rafiki asiyeona. Simu yake ni Android ya kawaida, na TalkBack humsomea skrini kwa sauti. Anatelezesha kidole kulia, simu inataja kitu kinachofuata. Akigonga mara mbili, kinabonyezwa. Nilimwomba anionyeshe anavyoipita skrini ile ya michoro mitatu. Simu ikasema: kitufe. Akatelezesha. Kitufe. Akatelezesha. Kitufe.

"Hiki cha tatu ndicho cha kutuma," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Nahesabu, buda. Ngazi nahesabu, stage nahesabu, na hivi nahesabu."

Nikamwuliza kuhusu siku za bango. Alikuwa anazijua, ingawa hakuwa na habari kuwa ni bango. Yeye aliita siku ambazo programu "imeamka vibaya". Siku hizo humpa kijana wa dukani simu amsaidie. Na PIN je? Alinyamaza kidogo, kisha akacheka ile ya kumaliza maneno. "Sasa utado?"

Rafiki yangu na mashine walikuwa wakihesabu kwa mtindo mmoja, na kukosea siku zilezile, kwa sababu wote wawili husoma mti mmoja. Hapa sitoi mfano, ndivyo ulivyojengwa. Kwenye Android, kifaa kama UiAutomator, ambacho Appium hukiegemea, huisoma skrini kupitia mfumo uleule wa ufikivu unaotumiwa na visoma skrini. Kwenye Windows, UI Automation ya Microsoft ilitengenezwa kwa ajili ya teknolojia saidizi na majaribio kwa pamoja. Kitufe kisicho na jina kwenye mti huo hakina jina kwa yeyote kati yao. Maana yake ni kwamba ile nyekundu ya mara tatu kwa kumi ilikuwa malalamiko ya mteja, yaliyofika ofisini kila asubuhi bila mteja kupoteza nauli, na mezani watu walikuwa wakijadili njia bora ya kuyafuta.

Wakenya tunaijua hali ya mashine kukataa kutambua. Tarehe 4 Machi 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi, maafisa wakarudi kwenye daftari la karatasi. Agosti 2022 ikabidi karatasi zitumike tena katika vituo vya Kakamega na Makueni. Chaguzi hizo zina hoja zake na sizigusi, ila hili moja: kifaa kiliposhindwa kumtambua mtu, mtu huyo hakuambiwa kwamba hayupo. Ilichukuliwa kuwa mwenye kifaa ndiye anayewajibika kutafuta njia nyingine. Rafiki yangu hana daftari la karatasi. Njia yake nyingine ni kijana wa dukani, na akiba yake yote iko nyuma ya tarakimu nne ambazo sasa ni za watu wawili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake rasmi cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952. Nayataja haya ili mtu asidhani nachangisha huruma. Lakini sijawahi kuona Katiba ikifika kwenye kikao cha asubuhi. Kinachofika pale ni kijani na nyekundu, na ndiyo sababu naona rangi hizo zina uzito.

Pingamizi la kwamba wasioona ni wachache nitalipita haraka: pesa zilizomo kwenye simu zao ni zao. Na tusisingizie maendeleo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa menyu ya maandishi matupu. Kila chaguo lilikuwa na neno lake. Sisemi asiyeona alikuwa na raha, maana simu nyingi za wakati ule hazikuweza kumsomea chochote. Nasema tu kwamba maneno yalikuwepo, na tukayaondoa wenyewe kwa kuwa mchoro unapendeza.

Pingamizi lililonikosesha usingizi lilitoka kwa developa mmoja, dada makini sana. Alisema hivi: mnataka kitufe kitambulike, mimi nitakipa kitambulisho cha ndani, neno ambalo mtumiaji halioni wala halisikii, la mashine peke yake. Halitabadilika lugha ikibadilika. Halitajali bango. Dakika mbili, nimemaliza. Na angekuwa sahihi. Kesho yake ingekuwa kijani, kijani cha haki kabisa, kwa kuwa mashine sasa ingebonyeza kitufe kilichokusudiwa kila mara.

Kiufundi sina la kumjibu, na vitambulisho vya aina hiyo mimi mwenyewe navitumia. Ila tazama kinachotokea. Kabla ya hapo mashine na rafiki yangu walikuwa kwenye giza moja, na mashine ilikuwa inapiga kelele. Ukiipa mashine tochi yake, kelele inakoma na giza linabaki palepale. Umeitibu ripoti. Tena umeitibu vizuri kiasi kwamba hakuna ripoti nyingine itakayokuja kukuambia kuna mtu bado anahesabu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayonisaidia kufikiri hapa, jina na kitambulisho. Kitambulisho hutolewa na mwenye mamlaka ili akupate. Jina unapewa ili yeyote anayekuhitaji akuite. Kipande ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuvaa shingoni kwenye kikebe cha chuma, miaka ya 1920, kilimtambulisha mtu barabara kwa bwana shamba na kwa polisi, alama za vidole zikiwemo, na sidhani kuna anayeamini kwamba kwa njia hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imewajua wenye nchi. (Kadi zetu za leo bado watu wanaziita kipande, wala hawakumbuki kikebe.) Kitufe chenye kitambulisho bila jina kinapatikana na wenye programu wakati wowote. Aliyekishika mkononi ndiye asiyeweza kukiita. Na hapana, sikumwambia yule dada kuwa ni mkoloni. Angenifukuza.

Watengenezaji wa vifaa vipya wameliona jambo hili. Testing Library, na baada yake Playwright, zinashauri uanze kukitafuta kitufe kwa wajibu na jina lake, yaani kama kisoma skrini kitakavyokitaja. Ukifuata ushauri huo utasumbuka zaidi. Mtafsiri akibadilisha Thibitisha kuwa Kubali, asubuhi yako imeharibika. Nakubali kuwa ni gharama, na kwenye timu ndogo ni gharama kubwa. Lakini angalau kuanguka huko kuna habari ndani yake: neno ambalo mtu alizoea kulisikia limebadilika, na kuna mahali atashtuka nalo.

Kifaa kinachojiponya ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote, na ndicho kinachouzwa kwa maneno matamu kuliko vyote. Fikiria siku ya bango. Kifaa kinakosa alama ya vema pale ilipozoea kuwa. Kinatazama jirani: kuna kitu cha aina ya kitufe, hakina jina, ukubwa uleule, kundi lilelile. Penseli. Kinaibonyeza. Ikiwa jaribio linaangalia tu kama kiasi cha pesa kinaonekana kwenye skrini inayofuata, basi kiasi kitaonekana, maana kwenye skrini ya kuhariri pia kipo. Kijani. Pesa hazikutumwa, hakuna aliyedanganya, na ripoti inasema zimetumwa. Shahidi anayejaza mapengo kwa kinachofanana ni hatari kuliko shahidi anayesema sikuona, na sielewi kwa nini tunamlipia zaidi.

Mtu wa QA kwa kawaida hana mamlaka ya kugusa kitufe. Hawezi kumwamuru mbunifu arudishe maneno. Uwezo wake ni wa kuandika: anaandika tatizo, analipa kichwa, na kichwa hicho ndicho kinachoamua nani ataamka nalo. Pale Ngong Road, ripoti ya kwanza iliandikwa "Jaribio la malipo ni kigeugeu". Ilikwenda kwenye foleni ya QA, kwa sababu jaribio ni mali ya QA, ikakaa huko wiki sita. Kisha mtu mmoja aliifunga na kufungua nyingine yenye kichwa "Kitufe cha kutuma pesa hakina jina". Hii ikaenda kwa madevelopa, maana kitufe ni chao. Ilichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa kubishana kuhusu maneno: wengine walitaka Tuma tu, wengine wakasema pesa zinapotoka mtu anastahili kusikia zaidi ya neno moja. Wakakubaliana. Mistari mitatu ya msimbo, jina moja kwa kila kitufe. Macho hayaoni tofauti yoyote. Michoro ya mbunifu iko palepale, pasafi kama alivyotaka.

Kitufe cha kufunga bango hakikuguswa. Bango ni la idara ya mauzo, na idara ya mauzo ina foleni yake. Kwa hiyo siku za bango simu ya rafiki yangu husema: kitufe. Rudi. Hariri. Thibitisha na utume.